Samli Haipozi Kadi ya Picha

Nyinyi vijana mnaoniletea kompyuta zenye kioo ubavuni na taa za rangi ndani, utadhani gari la kumbebea bibi harusi, nawapenda lakini mnanichekesha. Mnaniambia, "Mzee, hii kadi ya picha nimeiovakloki, inakimbia kuliko ya kiwandani, ina feni tatu, haishiki joto ng'o." Nafungua, nakuta feni zote tatu zinapuliziana usoni kama watu wanaogombania kiwanja. Sasa nimestaafu, mkono hautaki tena kushika bisibisi ndogo, lakini mdomo haujastaafu. Nitawaandikia niliyojifunza Garsen miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati ambapo kompyuta za mji mzima ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na bado ukabaki na kidole cha kujikunia.

Kwanza elimu yangu, maana kuna wanaosema sikusoma. Nimesoma. Nina cheti cha kompyuta kutoka masomo ya jioni, na nilikipata kabla sijaiona kompyuta. Mwalimu wetu alichora kibodi kwenye vipande vya katoni ya sabuni, kila mwanafunzi akapewa chake, tukawa tunagonga herufi za kuchorwa kwa vidole kumi huku yeye akizunguka nyuma yetu akisikiliza. Alikuwa akisikiliza nini, Mungu ndiye anayejua. Lakini alisimama nyuma yako na kusema, "Hapo umekosea," na kweli ulikuwa umekosea. Nilifaulu kwa alama za juu kuliko mtu yeyote katika bonde zima la mto Tana, na mpaka leo sijasikia mtu akinipinga. Siku niliyogusa kibodi ya kweli nilishtuka kuona vitufe vinashuka.

Kwa cheti hicho nikapata kibarua cha fundi wa kompyuta katika ofisi ya mradi mmoja pale Garsen. Mradi ulitaka kujenga tuta refu kando ya mto ili maji ya mafuriko yasiingie mashambani. Ofisi ilikuwa na vyumba viwili, jenereta moja, kompyuta moja, na mkubwa mmoja ambaye sote tulimwita Bwana Mratibu. Huyu alikuwa akivaa suti ya vipande vitatu Garsen, mwezi wa pili, na kwa hilo peke yake alistahili nishani. Joto la Garsen mwezi wa pili nyinyi mnalijua. Kwa msomaji wa huko milimani nitasema tu kwamba kuku wetu wa wakati ule alitaga yai likiwa limeshachemka, kazi yako ikawa kutafuta chumvi.

Sasa, mradi ulikuwa na picha. Mshauri mmoja wa mbali aliichora na kuituma kwenye sidii: picha inayotembea, ya mto kutoka Bura mpaka karibu na bahari, unaitazama kama vile wewe ni ndege unaruka juu ya tuta ambalo bado halijajengwa. Jambo la maajabu kwa enzi zile. Shida ni kwamba kompyuta ilitakiwa kuchora kila picha moja moja bila kuruka hata moja, na kadi yetu ya picha, kile kibao cha ndani kinachochora skrini, ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo ndege wetu hakuruka, alitambaa kwa magoti. Akifika karibu na daraja la Garsen kadi imeshashika joto, picha inaganda, na kompyuta inanyamaza kama mke aliyeudhiwa.

Bwana Mratibu hakujali. Sidii aliifungia kabatini, ufunguo kwenye mnyororo wa suruali yake, na kuitoa siku za wageni tu. Watu wakija, anawaonyesha Bura, anawaonyesha mifereji, na picha inapoganda anapiga kofi moja na kusema, "Kuanzia hapo ni hivyo hivyo mpaka baharini." Watu wanakunywa soda, wanaondoka. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuuona mwisho wake.

Mtu mmoja tu aliikataa hiyo "hivyo hivyo". Mama Dhahabo alikuwa mama wa Kiorma aliyeleta maziwa na samli mjini kila asubuhi. Ng'ombe wake, pamoja na wa nusu ya nyanda zote ukimsikiliza yeye, walikunywa mtoni kupitia malka iliyo upande wa Idsowe. Malka, kwa nyinyi mliozaliwa na bomba ndani ya nyumba, ni njia ya ng'ombe ya kufikia mto. Inapita katikati ya mashamba. Ikizibwa, ng'ombe amebakiwa na mambo mawili: afe kwa kiu, au apite kwenye mahindi ya mtu. Yote mawili huishia pabaya, na sisi Wapokomo wenye mahindi tunalijua hilo sawasawa na wenye ng'ombe.

"Wewe mtu wa mashine," aliniambia siku moja, amesimama mlangoni na vibuyu vyake. "Hiyo ukuta yenu itapita kwa malka yangu ama haitapita?"

"Mama, sijui. Picha huganda kabla ya kufika huko."

"Inaganda kwa nini?"

"Mashine inashika joto."

"Ng'ombe yangu inatembea siku mbili kwa jua, haigandi. Hiyo yenu inakaa kwa nyumba, juu ya meza, imefunikwa kitambaa, na inachoka?"

Nikakivuta kile kitambaa, nikakikunja. Mpaka leo sijakirudisha.

Nikamwambia kwamba baada ya wiki tatu angekuja mgeni kutoka makao makuu, mhandisi, kuitazama picha na kuitia sahihi. Akishatia sahihi, tuta litajengwa kama lilivyochorwa.

"Ataweka sahihi kwa kitu hajaona?"

"Ataona mpaka darajani."

"Na ng'ambo ya daraja?"

"Hivyo hivyo mpaka baharini," nikasema, na nikajisikia mjinga.

Mama Dhahabo akatua vibuyu chini. "Malka yangu si hivyo hivyo. Hiyo ni watoto, ni mahari, ni maziwa unakunywa wewe hapa kila siku. Fanya mashine ikimbie, mwanangu. Ifike."

Basi hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo ya kuiharakisha kadi ya picha, mimi ambaye nilisoma kwa katoni. Nyinyi mnaharakisha ili mpige risasi vizuri kwenye michezo. Mimi niliharakisha kwa ajili ya ng'ombe.

Kuongeza kasi ni rahisi, na hapo ndipo wengi wenu mnapopotea. Kulikuwa na kiprogramu kidogo chenye namba. Ukiipandisha namba, kadi inachora haraka zaidi ya alivyokusudia aliyeitengeneza. Fundi mwenye akili hupandisha namba moja, akasubiri, akatazama. Mimi nilipandisha mpaka mwisho, kwa mkupuo, kama mtu anayefungulia redio siku ya mpira. Skrini ikawa na madoadoa kama kanga wa porini. Nikaigusa kadi kwa kidole, na kidole hicho kwa wiki nzima hakikuweza kuhesabu. Mkate wa mofa ungeiva pale, na kwa upande wa pili ingebaki nafasi ya samaki.

Nikaelewa: kasi si kazi. Kazi ni joto.

Kosa la pili lilikuwa feni. Nilichukua feni ya mezani ya Bwana Mratibu, nikaondoa ubavu wa kompyuta, nikaielekeza ndani kwa nguvu zote. Upepo ule ulipingana na feni ndogo iliyokuwa ikitoa hewa nyuma, hewa ya moto ikakosa pa kwenda ikawa inazunguka humo humo, na vumbi lote la barabara ya Hola likahamia ndani ya kompyuta likafanya makazi ya kudumu.

Kosa la tatu ndilo watu wa Garsen hunikumbushia mpaka leo, hata msibani.

Juu ya chipu ya kadi hukaa kipande cha alumini chenye mbavu mbavu. Kazi yake ni kulinyonya joto la chipu na kulitupa hewani. Sisi tulikiita kipoza. Kati ya chipu na kipoza hupakwa grisi nyeupe, kidogo tu, na ya kwetu ilikuwa imekauka kama chaki. Nikaikwangua yote kwa furaha, nikafuta, pakang'aa. Ndipo nikakumbuka kwamba sina nyingine, na niliamini kwamba grisi ile haipatikani mpaka Mombasa, na barabarani wakati ule, kwa hofu ya majambazi, ulikwenda kwa msafara wenye askari mbele na nyuma.

Mama Dhahabo akaingia na chupa yake ya samli. Nikaitazama ile samli. Nikajiuliza: grisi ni nini? Ni mafuta. Na samli ni nini? Ni mafuta. Masomo ya jioni yalinifunza kufikiri hivyo, hatua kwa hatua, mpaka shimoni.

"Mama, nigawie kijiko kimoja."

"Una njaa?"

"Ni ya mashine."

Alinitazama kama anayemtazama ndama aliyezaliwa na kasoro. "Mashine ya nani inakula samli?"

"Haili. Ni ya kuipoza."

"Samli inapoza?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Mtoto akipata baridi ndiyo tunampaka! Haya, chukua. Ikinona, utaniita nione."

Nikapaka. Nilipaka kama anayepaka chapati ya mkwe, katikati na pembeni, isije kona moja ikajisikia imedharauliwa. Na hapa niseme ukweli unaowaudhi wataalamu: ilifanya kazi. Siku mbili nzima kadi ilikwenda vizuri, nikawa natembea mjini kifua mbele, najiona mvumbuzi. Nilishaanza kufikiria jina la kiwanda.

Siku ya tatu Bwana Mratibu akataka majaribio kabla ya mgeni. Akatoa sidii, akakaa, akalegeza tai. Bura ikapita vizuri. Mifereji ikapita. Mara nikasikia harufu. Kwanza nilidhani ni jirani. Bwana Mratibu akainua pua.

"Nani anapika pilau ofisini kwangu?"

 Kadi ndani ya kompyuta hulala kifudifudi, chipu ikitazama chini, jambo ambalo katoni ya sabuni haikunifundisha. Samli ilipoyeyuka ilidondoka tone kwa tone kwenye lile vumbi la barabara ya Hola, ikafanya uji. Sisimizi walikuwa wameshapata habari. Walipanga mstari kutoka dirishani mpaka mezani, wanaingia kwa tundu moja na kutokea jingine, kwa nidhamu ambayo ofisi ile haikuwahi kuwa nayo. Kwenye skrini tuta likaota miiba myekundu, halafu pembetatu za kijani, halafu nusu ya Garsen ikang'oka na kupaa mbinguni, maduka, ng'ombe na yote. Kisha picha ikaganda.

"Hii ni nini?" akauliza Bwana Mratibu.

"Ni joto, bwana mkubwa. Kadi ikizidiwa na joto huchora vitu visivyokuwepo."

"Huchora visivyokuwepo," akarudia polepole, kama mtu anayekariri.

"Ndiyo, bwana."

"Basi sikiliza. Mkataba wako unaisha mwezi huu. Mambo haya yakitokea mbele ya mgeni, kibarua chako kimeota nyasi. Na ofisi inuke karatasi, isinuke samli."

Zilibaki wiki mbili. Nikabeba kadi yangu ndani ya leso, nikaenda kwa Fundi Komora.

Fundi Komora alitengeneza redio na vikuza sauti karibu na soko, kwenye kibanda cha mabati kilichojaa spika zilizopasuka. Harusi zote na makanisa yote ya Garsen mpaka Chara yalipita mkononi mwake, maana ndiko vikuza sauti huenda kufia. Nilipomsimulia, hakucheka mara moja. Aliuliza kwanza, kwa uso wa daktari:

"Hukuweka na kitunguu?"

Halafu akacheka, akalia, akaita jirani, nikalazimika kusimulia upya.

Alipomaliza kufuta machozi akafungua droo na kutoa kichupa cha grisi nyeupe, ile ile. Miaka yote alikuwa nayo. Transista kubwa za vikuza sauti nazo hushika joto, nazo hupakwa grisi, na mimi msomi wa kompyuta nilikuwa sijawahi kuingia kibandani kwa mtu wa redio kwa sababu nilimwona wa kizamani. Kijana, kama kuna jambo moja utakalolichukua kwenye maandishi haya, ingia kibandani kwa mtu wa redio.

Nikanyoosha mkono nichukue grisi. Akanipiga kofi la vidole.

"Bado. Kwanza tazama kipoza chako." Akakiweka juu ya kipande cha kioo kilichotoka kwenye fremu ya picha ya mheshimiwa mmoja aliyeanguka uchaguzi. Kipoza kikayumba. "Umeona? Hakijanyooka. Kinagusa chipu pembeni, katikati hewa. Hata ungepaka samli ya Makka."

Akaweka msasa laini juu ya kioo, akaumwagia maji, akaniambia nisugue kwa kuzungusha, bila kukandamiza, nikigeuza kila baada ya muda. Nikasugua mchana kutwa. Kila nikidhani nimemaliza, anakuja.

"Jitazame. Unaona nini?"

"Naona uso wangu, fundi."

"Uko vipi?"

"Umepinda pinda."

"Sugua. Uso ukinyooka, ndiyo na kipoza kimenyooka."

Siku ya pili uso ukanyooka. Wazee watawaambia kwamba siku hizo nilikuwa na sura nzuri. Nilijiona mle kwenye alumini, nathibitisha.

Lakini kipoza chenyewe kilikuwa kidogo kama sanduku la kiberiti. Fundi akatoa kingine kutoka kwenye kikuza sauti kilichofia harusini, kipana kama kiganja, mbavu ndefu. Tukakikata kwa msumeno wa chuma, tukakisugua nacho, tukakifunga kwa skrubu nne. Chini ya kila skrubu aliweka springi ya kalamu ya biro, ili kipoza kikumbatie chipu bila kuivunja. Biro nne za ofisi zilikufa siku hiyo, na Bwana Mratibu alilaumu walinzi. Grisi tulipaka kiasi cha punje moja ya mchele.

"Hii tu?" nikauliza.

"Hii tu. Grisi ni ya kujaza mikwaruzo usiyoiona kwa macho. Ukizidisha, inakuwa blanketi. Na joto usishindane nalo, mwanangu, huliwezi. Litengenezee njia ya kutokea, litaondoka lenyewe."

Feni tuliitoa kwenye kompyuta iliyokufa mafurikoni. Tukaiosha tope, tukaitia tone la mafuta ya cherehani, ikazunguka. Tuliipanga hewa iingie mbele na kutoka nyuma, upepo mmoja, njia moja. Dirishani nikatundika gunia lililoloweshwa maji, hatua mbili kutoka kwenye kompyuta, ili upepo mkavu wa kiangazi uingie umepoa na vumbi libaki nje. Hatua mbili, nasisitiza. Mara ya kwanza nililitundika hatua moja, likanidondokea kwenye kibodi ya kweli, yenye vitufe.

Kisha nikapandisha namba. Moja. Nasubiri. Nyingine. Nasubiri. Sidii ya mradi ilikuwa kabatini, kwa hiyo nilijaribia mchezo wa magari ya mbio uliokuja na kadi. Uliendeshwa kutoka asubuhi mpaka jenereta inazimwa, na dereva wake kwa siku zile alimaliza safari ya kwenda Cairo na kurudi. Lilipotokea doa la kwanza dogo jeupe, nikarudi nyuma namba mbili, nikaacha. Nikaweka kiganja kwenye kipoza. Uvuguvugu, kama kikombe cha chai uliyoisahau.

Siku ya mgeni ikafika. Mhandisi alikuwa mama mfupi, viatu vya matope, maneno machache. Wakulima wa Idsowe walikaa upande mmoja wa chumba, wafugaji upande wa pili, na mbele kabisa Mama Dhahabo, ambaye hakualikwa ila aliingia na maziwa ya chai na hakutoka. Mgeni alikuwa na saa moja tu. Chakula cha mchana kilikuwa kinamngoja, mbuzi mzima, na Bwana Mratibu alilitaja hilo mara tatu kwenye hotuba yake ya kukaribisha.

Nikawasha. Vijana, ndege wetu aliruka! Bura ikapita kama umeme, mifereji ikafuata, mto ukajikunja na kujikunjua, watu wakaanza kuitana, "Ile si kwetu? Ile si kwetu?" Daraja la Garsen likaja, chumba kizima kikapiga kelele. Bwana Mratibu akasimama, akapiga kofi lake, "Na kuanzia hapo ni hivyo hi..." Lakini picha haikumngoja. Ilishavuka daraja. Ilishafika Idsowe.

"Simamisha!" akasema Mama Dhahabo.

Nikasimamisha. Tuta lilikuwa pale kwenye skrini, refu, jeupe, zima. Lilipita juu ya malka kutoka ukingo hadi ukingo, bila hata tundu la kupitisha mbuzi.

"Ng'ombe yangu itapita wapi?" akauliza. Hakupaza sauti. "Itaruka?"

 Wafugaji wakainuka. Wakulima nao wakainuka, na mmoja wao akasema, "Na mitumbwi yetu je? Hapo hapo ndipo tunapoegesha."

Bwana Mratibu akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu anayewaonea huruma wasioelewa. "Jamani, kaeni. Hilo si tuta. Hilo ni joto. Mashine hii ikipata joto huchora vitu visivyokuwepo, fundi mwenyewe aliniambia. Juzi ilipaisha mji mzima! Fundi, hebu waeleze."

Mhandisi akanigeukia. Mama Dhahabo akanigeukia. Bwana Mratibu alikuwa ameshanigeukia, na jicho lake lilikuwa na mkataba wangu ndani yake.

Nimewaambia mimi napenda kuongeza chumvi. Hapa sitaongeza. Niliogopa. Neno moja tu, "ndiyo, ni joto," na kazi ingekuwa yangu mwaka mwingine.  Badala ya kulitamka, nilifungua ubavu wa kompyuta.

"Mama mhandisi," nikasema, "tia mkono wako hapa."

Akatia. Akakaa nao kitambo. "Haiunguzi," akasema. "Ni ya vuguvugu."

"Na doa la joto halitulii mahali pamoja. Ni kama inzi. Likitokea hapa sasa, mara nyingine litatokea kule. Nikianza picha upya na ukuta ukawa hapo hapo, basi si joto. Ni mtu ameuchora."

"Muda hautoshi," akasema Bwana Mratibu. "Mbuzi..."

"Anza upya," akasema mhandisi.

Nikaanza upya. Bura, mifereji, daraja, Idsowe. Ukuta ulikuwa pale pale. Akasema rudia, nikarudia, nikapunguza na kasi mpaka ile ya kiwandani. Kadi iliyopoa haikuganda tena. Ilitambaa tu, polepole, na hakuna aliyetoka. Ukuta ulikuwa pale pale. Mbuzi alipoa kuliko kadi.

"Aliyechora hii alifika hapa?" mhandisi akauliza.

Bwana Mratibu akajipangusa paji la uso. "Alipita, mama."

"Alipita vipi?"

"Kwa ndege."

Sijawahi kusikia Waorma na Wapokomo wakicheka kitu kimoja kwa pamoja kiasi kile. Mhandisi hakucheka. Alirudisha kalamu mfukoni bila kutia sahihi, akasema mchoro urudiwe, akatoka na viatu vyake kwenda kuitazama malka kwa miguu, Mama Dhahabo akimwongoza.

Barua yangu ilifika mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeachishwa "kwa kuiharakisha mali ya ofisi bila idhini". Fundi Komora alinipa nusu ya meza yake, na kwenye nusu hiyo nimefanya kazi mpaka nimezeeka.

Mchoro mpya ulikuja baadaye, wenye mlango wa hatua sitini kwenye malka na mwingine mdogo wa mitumbwi. Sahihi ikatiwa. Halafu, kama mjuavyo nyinyi mnaopita kule kila siku, tuta halikujengwa. Hata koleo moja la udongo. Mradi ukafungwa, na Bwana Mratibu akahamishiwa mradi mwingine wa tuta, katika mji usio na mto.

Nilipata nakala ya mchoro ule, nikampelekea Mama Dhahabo malkani, mchana, anatazama ng'ombe wakishuka.

"Mama, pole," nikamwambia. "Tumegombana bure. Hawajengi tena."

Akaichukua karatasi. "Mlango uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na sahihi ya yule mama?"

"Hii hapa."

Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la mtandio. "Wewe unafikiri hawatarudi? Watu wa ukuta wanarudi kila wakati. Siku watakuja, mimi niko au siko, watakuta mlango umewatangulia."

Akapiga mluzi. Ng'ombe wakaendelea kuteremka mtoni, vumbi juu, pembe kwa pembe, wakipita katikati kabisa ya mlango ambao haukuwa na ukuta.